Yai la Saa Nne

Katika mji huo ilikuwa saa nne asubuhi, na ilikuwa saa nne kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walikuwa wameacha kuulizana. Kivuli cha mnara wa saa kililala juu ya kibanda cha muuza vitumbua, nusu kivulini nusu juani, na mwenyewe alikuwa ameshazoea kukaangia upande wa kivuli tu. Maharage yaliyobandikwa kabla ya saa kusimama yalichemka bila kuiva. Mwanamke mmoja wa mtaa wa chini alikuwa amebakiza siku moja ajifungue, na wakunga walikuja, wakampapasa tumbo, wakarudi kwao. Usiniulize watu waliishi vipi. Waliishi, kama watu wanavyoishi na jambo lolote wasiloweza kuliondoa.

Nyamizi alikuwa mbeba kisanduku katika Nyumba ya Vyumba Viwili, na kwake yeye saa nne hiyo ilikuwa na uzito wa peke yake. Ilikuwa saa nne ya siku ya tatu ya matanga ya baba yake. Waliotangulia kufiwa husema uchungu wa siku ya tatu si wa siku ya nne, na ule wa arobaini mtu huubeba huku akimcheka jirani. Yeye hakuifikia hiyo ya nne. Alilala, akaamka, baba alikuwa amezikwa juzi. Akalala tena, akaamka, na ilikuwa juzi ileile, udongo ule mbichi bado uko kwenye kucha zake.

Lazima ijulikane saa ilisimamaje, maana ndiyo kesi yenyewe.

Mihambo, kaka yake Nyamizi, alikuwa mtunza saa ya mji. Kila siku saa nne asubuhi alipanda ngazi za mnara akaitia ufunguo. Yeye na dada yake ni wa ukoo wa Jiwe, na ukoo wa Jiwe na ukoo wa Maji ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayejisumbua kuzihesabu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usinune. Anaweza kuingia katika kaburi mlilomchimbia mzazi wenu, akalala humo, akasema hatoki mpaka apewe kitu. Anaweza kuchukua mali yako mchana kweupe, nawe huendi popote kushtaki. Unaikomboa kwa anachokitaka, mnacheka, yanakwisha. Ukikasirika, umevunja kitu kikubwa kuliko hicho ulichochukuliwa.

Siku hiyo ya tatu alikuja tena Kapufi, mrina asali aliyekuwa amelala kaburini siku ya mazishi, mtu wa Maji na mtani wa Mihambo tangu utotoni. Alimwimbia marehemu nyimbo za kumsuta kwa ubahili, na huku akiimba machozi ya kweli yalimtoka. Kisha akauchomoa ufunguo wa saa kwenye mkanda wa Mihambo. "Unautaka? Lete jogoo." Mihambo hakutaka kushindwa utani kwenye msiba wa baba yake. Akaingia bandani, akapenyeza mkono chini ya kuku aliyekuwa akilalia siku ya ishirini, akatoka na yai. "Jogoo huyu hapa," akasema. "Kabakiza kesho tu. Mvumilie." Watu walicheka hadi waliokuwa wakilia wakajifuta macho. Kapufi akalipokea yai kwa mikono miwili kwa heshima zote. "Sawa, mtani. Akitoka, nakupa ufunguo."

Saa ikasimama. Na iliposimama, yai likasimama nalo. Ufunguo usingerudi mpaka kifaranga atoke, kifaranga asingetoka mpaka kesho ije, na kesho isingekuja mpaka ufunguo urudi. Njia ilikuwepo: mmoja wao aseme basi, yaishe. Lakini mtani anayesema basi wa kwanza husutwa yeye na vitukuu vyake, na hao wawili walikuwa na majina ya kulinda. Ni kosa ambalo watu wenye akili kidogo kuliko wao wasingeweza kulifanya.

Mji ukasubiri, ukachoka, ukawapeleka wote wawili Nyumba ya Vyumba Viwili kwa kosa la kuusimamisha mji.

*

Nyumba hiyo ilikuwa na ukumbi katikati na chumba kila upande. Ukumbini alikaa Mpimaji, mzee Luhende, aliyekuja zamani kutoka pasipojulikana, hana ndugu, hana mtani, kachukua ubao mmoja kwapani. Ubao huo ulikuwa umelazwa mezani siku zote. Ulichorwa miraba minne, na miraba hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mji.

Kila kesi ilikuwa na washtakiwa wawili, mmoja chumba hiki, mwingine kile, na ukuta kati yao. Kila mmoja alipewa mawe mawili: jeupe la kunyamaza, jeusi la kumtaja mwenzake kuwa ndiye mkosaji. Alichagua moja akalitia katika kisanduku kilichobebwa na Nyamizi. Wote wakinyamaza, mwaka mmoja kila mtu. Wote wakitajana, miaka sita sita. Mmoja akitaja na mwenzake akanyamaza, aliyetaja anakwenda nyumbani siku ileile, na aliyenyamaza anakaa kumi. Habari hairuhusiwi kupita kati ya vyumba. Tusi moja moja linaruhusiwa, kwa kuwa, kama Luhende alivyoandika pembeni mwa ubao kwa mkono wake, tusi halina habari ndani yake. Alikuwa pia amegundua kwamba watu wakishatukanana huchagua haraka zaidi.

Katika miaka yote ya Nyamizi, kisanduku hakikuwahi kufunguliwa bila jiwe jeusi ndani yake, na mara nyingi yalikuwa meusi mawili.

Sasa yai lile lilikuwa juu ya ubao kama kielelezo cha kwanza, limezungushiwa kitambaa lisiviringike. Ufunguo wenyewe haukuonekana. Askari walikuwa wamepekua mizinga ya Kapufi, godoro lake, hata kiatu cha mkewe.

"Yule ni kaka yako," Luhende alimwambia Nyamizi. "Ukitaka nitafute mbeba kisanduku mwingine, nitatafuta."

"Huyo mwingine atakuwa hana kaka, Bwana Mpimaji?"

Mzee alitabasamu kidogo. Alipenda kuulizwa, na katika mji mzima aliyemuuliza ni huyu mwanamke peke yake. Akamsogezea kigoda.

"Tazama. Jiweke mahali pa Mihambo. Tuseme Kapufi kanyamaza. Mihambo akinyamaza naye, ni mwaka. Akimtaja, ni nyumbani. Kutaja ni bora. Tuseme Kapufi kamtaja. Mihambo akinyamaza, ni kumi. Akimtaja naye, ni sita. Kutaja ni bora tena. Kokote atakakogeukia, kutaja ni bora. Na Kapufi huko aliko anapiga hesabu hiyohiyo. Mwamba ngozi huvutia kwake."

"Na wote wawili wakishavutia kwao?"

"Sita sita."

"Wakati wangeweza kukaa mmoja mmoja."

"Ndiyo."

"Basi hao wenye akili ndio wanaooza ndani, na wajinga wawili wangetoka mapema."

"Ndiyo," alisema Luhende, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayeonyesha kitu anachokipenda. "Hapo ndipo sheria inapozaliwa, Nyamizi. Watu ukiwaachia akili zao wataumizana. Ndiyo maana anahitajika wa tatu, mwenye fimbo."

"Fimbo yako ni askari wawili. Mji una watu elfu tatu. Wanakutii kwa nini?"

"Kwa sababu kila mmoja anaamini wenzake watanitii."

"Siku wakiacha kuamini?"

"Siku hiyo mimi ni mzee mwenye ubao."

Alilisema bila uchungu wowote, na Nyamizi akamhurumia, jambo ambalo hakulitarajia. Akakaa akifikiri. Kisha akamweleza njia ya kwenda kisimani kwao, nyembamba kama utepe, upande mmoja mwiba na upande mwingine korongo. Anayepanda na ndoo ya maji kichwani hampishi mtu. Anayeshuka na ndoo tupu ndiye anayejibana mwibani. Pale hapana askari, hapana ubao, na tangu azaliwe hajaona mtu akisukumwa.

"Nani aliyeandika sheria hiyo?" Nyamizi akamwuliza.

"Hakuna. Kila mmoja anajua leo anashuka mtupu, kesho atapanda amejaza. Anampisha mwenzake wa leo ili apishwe yeye kesho. Ni hesabu nzuri." Luhende akanyoosha kidole dirishani, kwenye kivuli kilichogoma kutembea. "Lakini inahitaji kesho. Sasa hivi mji huu hauna kesho. Ni saa nne."

"Nimekwenda kisimani leo," alisema Nyamizi. "Wanapishana bado."

Luhende akaligeuza yai taratibu, kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa kitu kisicho na mbele.

"Labda hawajagundua," akasema.

"Au labda kesho haikai kwenye saa."

Mzee alichukua kalamu, akataka kuandika kitu pembeni mwa ubao, kisha akairudisha kalamu mahali pake.

*

Kapufi alikuwa kakaa sakafuni chumba cha kushoto, mfupi, mweusi wa jua la porini, hirizi ya ngozi shingoni. Alipomwona Nyamizi hakusimama.

"Mtani, hicho ni kisanduku au umemchongea panya jeneza?"

"Nimemchongea mrina asali," alisema Nyamizi, kwa sababu mtani hujibiwa. "Tia jiwe lako. Na kama una tusi la kumpelekea kaka, ni moja tu."

Alimgeuzia mgongo kama sheria inavyotaka. Alisikia jiwe likigusa mbao. Alipokibeba kisanduku mkono wake ulijua mara moja, maana jeusi lilikuwa zito na jeupe lilitoka mtoni, jepesi, limeliwa na maji. Kapufi alikuwa ametia jeupe. Angeweza kukaa miaka kumi kwa jiwe hilo, na alikuwa akijikuna mguu.

"Mwambie Mihambo," alisema Kapufi, "watu wa Jiwe ni wazito hata wa kufa. Baba yenu alipoteremshwa, nilisikia ardhi kwa masikio yangu ikisema, ngojeni, ngojeni kwanza, nijipange."

Nyamizi alicheka. Kicheko kilitoka kabla hajakiruhusu, kikamkunja tumbo, na katikati yake akagundua kwamba analia. Hakuwa amelia tangu mazikoni. Watu waliompa pole walikuwa wamemwambia baba yake ni mwema, mtulivu, kapumzika, na maneno hayo yote yalimpita kama hayamhusu. Huyu peke yake ndiye aliyemtaja baba akiwa na uzito wake. Kapufi alitazama ukuta mpaka alipomaliza, kwa adabu, kisha akamwambia akapanguse kamasi asije akaharibu kisanduku cha serikali.

Kutoka chumba cha kushoto hadi cha kulia ni hatua kumi na nne. Nyamizi alizitembea siku hiyo kama mtu anayevuka nchi.

Ni jeupe. Unajua ni jeupe. Neno moja sikioni mwa kaka na leo hii yuko nyumbani, mkewe anamwekea maji ya kuoga. Neno moja tu, tena la kweli. Damu ni nzito kuliko maji, husema hivyo. Lakini ni nani aliyelala kaburini kwa baba? Ni nani aliyelia huku anasuta? Na kama sheria inasema habari isipite, nani ataona? Hakuna atakayeona. Ndilo linalonitisha, kwamba hakuna atakayeona. Kisimani pia hakuna anayeona.

Mihambo alisimama alipoingia. Alikuwa amekonda, na mkanda wake usio na ufunguo ulining'inia.

"Amesema nini?"

Nyamizi akamweleza tusi lote, na ardhi, na kujipanga.

"Kasema hivyo juu ya baba?"

"Hivyohivyo."

Mihambo alikaa chini taratibu, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa naogopa atanisalimia."

Nyamizi alilishika neno hilo akaligeuza. Kwa watu wengine wote waliopita katika vyumba hivi, tusi lilikuwa mlango unaofungwa. Kwa hawa wawili, salamu ndiyo ingekuwa mlango unaofungwa. Kapufi angetuma neno la adabu, mpendwa Mihambo, natumaini u mzima, kaka yake angejua kwamba ameshauzwa. Luhende alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba tusi halina habari ndani yake, na alikuwa amekosea, kwa sababu kule alikotoka hakuna aliyewahi kumtukana kwa kumpenda.

"Umekikumbatia kisanduku hicho, mdogo wangu," alisema Mihambo. "Unalijua jiwe lake."

"Kaka..."

"Usiniambie. Ukisema ni jeusi, nitakuwa mwoga. Ukisema ni jeupe, nitakuwa mwizi, maana nitajua nyumbani kuko umbali gani. Niache nisijue, niwe mtani wake."

Nyamizi akamgeuzia mgongo. Jiwe likagusa mbao. Alipokibeba kisanduku kilikuwa chepesi kuliko alivyowahi kukibeba.

"Na wewe una tusi?"

"Mwambie mtu wa Maji hajui kulala kaburini. Alilala kama mgonjwa. Siku nyingine alale kama mtu anayedai."

Alipolifikisha, Kapufi alipiga ukuta kwa kiganja mara mbili, na kutoka upande wa pili ukuta ukapigwa mara mbili.

*

Luhende alifungua kisanduku mbele ya watu wote watano: washtakiwa wawili, askari wawili, na Nyamizi. Akatazama ndani kwa muda. Akatoa mawe, akayaweka kando ya yai, na kwa dakika ile mtu mgeni angedhani juu ya ubao kuna mayai matatu.

Kidole cha mzee kilizunguka miraba. Mitatu ilikuwa imefifia kwa kuguswaguswa, maandishi yake yamebaki kama vumbi. Wa nne ulikuwa na wino mweusi, mpya, kama ulioandikwa asubuhi hiyo. Hakuna kidole kilichowahi kufika pale.

"Mwaka mmoja," alisoma. "Kila mtu."

"Mwaka wa saa ipi, Bwana Mpimaji?" aliuliza Mihambo.

Askari walitazama dirishani. Kivuli kilikuwa palepale.

Kapufi alikuwa amesogea mezani. "Hili jeupe la pili ni la huyu?"

"Ni lake."

"Bila kujua langu?"

"Bila kujua," alisema Nyamizi.

Kapufi alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Nilidai jogoo mmoja, nimeletewa mayai mawili. Mtu wa Jiwe hajawahi kutoa vitu viwili tangu dunia iumbwe. Huyu anaumwa." Akaipeleka hirizi mdomoni, akauma uzi, akatoa ufunguo. Askari walikuwa wamempekua mara saba, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuigusa hirizi ya mtu. "Shika kabla hujapona."

Hivyo ndivyo lile neno basi lilivyosemwa, na mpaka leo koo mbili hizo zinabishana ni nani aliyelisema kwanza. Hakuna. Walilisema pamoja, kila mmoja gizani kwake, ndani ya kisanduku kilichotengenezwa ili wasitendeane wema.

Askari mmoja aliwachukua wote wawili kwenda mnarani, maana mwaka wao usingeanza kabla saa haijatembea. Luhende alibaki ameketi.

"Mawe meupe mawili," alisema. "Kwa hesabu yangu hayawezekani bila habari kupita. Kwa hiyo habari imepita. Nani kaipitisha?"

Nyamizi alihisi baridi miguuni. "Nilipitisha matusi tu, Bwana Mpimaji. Na matusi uliyaruhusu wewe."

"Ndiyo. Nalijua hilo." Mzee akasimama, na kwa mara ya kwanza Nyamizi akaona kwamba ni mfupi. "Kwa hiyo washtakiwa ni wawili. Aliyepitisha na aliyeruhusu. Kesi haisimami kwa mguu mmoja."

"Unaweza kunishtaki mimi peke yangu. Nani atakuuliza?"

"Hakuna atakayeniuliza," alisema Luhende. "Kisimani pia hakuna anayeuliza. Na tangu nije hapa sijawahi kukaa humo ndani. Nataka kuona kukoje."

Alimpa askari aliyebaki kisanduku na jozi mbili za mawe. Askari huyo aliitwa Mahona, kijana mrefu asiyependa maneno. Kisha mzee akajitwisha ubao wake na yai juu yake, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuchukua, akaingia chumba cha kushoto akaufunga mlango mwenyewe.

*

Ndani ya chumba cha kulia hapakuwa na ubao. Nyamizi alikuwa amedhani miaka yote kwamba washtakiwa wanakaa humu wakiiona miraba minne kichwani. Sivyo. Mtu huona ukuta, na nyuma ya ukuta hamwoni mtu, humfikiria tu, na kumfikiria mtu ni kazi ngumu kuliko kumhesabu.

Alimfikiria Luhende. Mzee aliyethibitisha kesi baada ya kesi kwamba kutaja ni bora, kwamba asiyetaja ni mjinga. Asiye na ukoo wa kumsuta. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu alikuwa mgeni tangu afike. Akimtaja, Nyamizi akiwa amenyamaza, ni miaka kumi, na sasa miaka ingetembea kweli. Arobaini ya baba ingefanywa bila yeye. Aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa.

Kisha swali likamjia, na kama kawaida yake, likampunguzia woga. Utani ulianzaje? Si wa Jiwe na Maji tu, wowote ule. Lazima siku moja watu wawili wasiojuana walikutana mahali pembamba. Mmoja akamtukana mwenzake, bila kujua kama atachomolewa kisu au atachekwa. Kabla ya sheria yoyote alikuwepo huyo mtu, aliyerusha neno baya kwa moyo mwema akasimama akisubiri. Hakuna mraba unaomwonyesha. Nyamizi alijaribu kuiona sura yake, na ikawa mara ya baba, mara ya Kapufi, mara ya mtu anayejibana mwibani na ndoo tupu.

Mahona aligonga. Nyamizi alikuwa na jiwe kiganjani tayari, lakini hakulitia.

"Ngoja. Kwanza nipelekee tusi. Mwambie kwao hakuna watu, kuna meza tu. Ndiyo maana alipozaliwa mama yake alimwekea kikombe kichwani."

"Nimwambie Mpimaji hivyo?"

"Hivyohivyo. Usipunguze kikombe."

Mahona akaenda. Kimya. Hatua kumi na nne, na kimya tena. Nyamizi aliomba kitu kimoja tu, asije akasalimiwa.

Kisha kitu kikalia mnarani, kizito, kama koo linalosafishwa, na nuru sakafuni ikasogea tofali moja. Mishale ya saa ilikuwa na siku nzima iliyochelewa, ikaipita mbio. Dirisha likawa jekundu, jeusi, jeupe. Usiku ulipita kama mtu aliyesahau kitu mbele. Harufu ya maharage yaliyoiva ikaingia kutoka mtaani. Mahali fulani upande wa chini wa mji mtoto mchanga alilia, na wanawake wakapiga vigelegele. Nyamizi alitazama kucha zake. Udongo ulikuwa umekauka, ukabanduka wenyewe.

Mahona akarudi, kajaa aibu.

"Amejibu. Sijui kama ni tusi. Alilitunga muda mrefu sana."

"Sema."

"Amesema... watu wa Jiwe hamna adabu hata mkiwa ndani ya yai. Amesema ndugu yenu ametoka sasa hivi, hata hajakauka, kapanda juu ya ubao akaunyea miraba yote minne. Na amesema," Mahona alikohoa, "eti ni mzito, anafanana na marehemu baba yako."

Nyamizi alifunika uso kwa kiganja kitupu. Mabega yalimtikisika, na Mahona hakujua kama acheke au amwitie mtu.

"Rudi umwambie nimecheka," alisema hatimaye.

"Siwezi. Hiyo ni habari."

"Basi kamwambie ananuka."

Mahona akavuka ukumbi. Kutoka upande wa pili wa ukuta kilisikika kicheko kikavu, kifupi, cha mtu anayekijaribu kuona kama kitamtosha, kisha kirefu zaidi. Nyamizi hakusubiri kujua jiwe la mzee. La kwake lilikuwa limeshapata joto la mkono, jepesi, limeliwa na maji. Askari aliporudi akalitia kisandukuni, akakaa akisikiliza mji. Nje ilikuwa siku ya nne.